Kilomita 42 za Kuaminika: Marathoni Mpya na Shaka za Wakimbiaji Masisi na Walikale

Kila marathoni inayotangazwa kwa mara ya kwanza huomba kuaminiwa kabla haijatenda jambo lolote la kuifanya iaminiwe. Mwandaaji hutaja tarehe, njia, zawadi na ada ya usajili. Mkimbiaji kwa upande wake, ambaye huhitaji miezi mitatu au zaidi ya mazoezi ili mwili wake ustahimili umbali huo, hulazimika kuanza kutumia fedha na nguvu zake kwa kutegemea maneno hayo peke yake. Ndiyo maana wakimbiaji wazoefu hulipokea tangazo la mbio mpya kwa tahadhari, na tahadhari hiyo haistahili kuitwa wivu au ukosefu wa uzalendo, kwa kuwa ni kipimo cha kwanza ambacho ahadi hupitishwa kabla ya barabara yenyewe kupimwa.

Katika Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini ambazo utawala wa Kongo huziita teritware, kipimo hicho huwa kikali zaidi. Masisi, iliyo magharibi mwa Goma, ni nchi ya vilima vya kijani, malisho ya ng'ombe na jibini inayouzwa hadi mijini. Walikale, iliyo mbele yake, ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za jimbo, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni msitu wa mvua. Hakuna marathoni yenye lebo ya World Athletics, yaani shirikisho la riadha la dunia, inayokimbiwa katika wilaya hizo. Hata hivyo zina milima inayofaa mazoezi, zina vijana wenye uwezo na zina jina ambalo kila mwenye nia ya kuandaa mbio za amani angependa kulitumia, kwa hiyo swali la namna marathoni mpya inavyoweza kuaminika huko ni swali la kweli.

Jibu lake linategemea jambo moja ambalo mara nyingi hufunikwa na mazungumzo ya zawadi na mabango. Marathoni ni ahadi juu ya barabara: mwandaaji huahidi kwamba kwa saa tano au sita urefu wote wa njia utakuwa umepimwa, utakuwa wazi, na utakuwa chini ya mamlaka inayojulikana na inayowajibika. Pale ambapo hakuna anayeweza kutoa ahadi hiyo kwa ukweli, ukubwa wa zawadi huongeza shaka badala ya kuipunguza.

Umbali unaopimwa kwa baiskeli

Marathoni ina urefu wa kilomita 42 na mita 195, umbali uliotumika katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908 na kufanywa rasmi na shirikisho la riadha la dunia mwaka 1921. Kwa msikilizaji wa kawaida mita chache pungufu au za ziada zinaweza kuonekana kuwa jambo dogo, lakini mkimbiaji hutumia muda wake wa marathoni kama mwanafunzi anavyotumia cheti cha shule, kwa maana muda huo ndio unaomfungulia mlango wa mashindano mengine, na muda uliopatikana katika njia isiyopimwa haukubaliki popote.

Upimaji unaotambuliwa haufanywi kwa kipima mwendo cha gari, ambacho hukosea kirahisi, wala kwa simu au saa inayotumia setilaiti, ambayo hupoteza usahihi kwenye kona, mabonde na chini ya miti. Hufanywa kwa baiskeli iliyofungwa kwenye gurudumu la mbele kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko, kinachojulikana kama Jones Counter. Kabla ya kupima njia, mpimaji huendesha baiskeli hiyo mara nne juu ya kipande cha barabara kilichokwisha kupimwa kwa utepe wa chuma, ili ajue gurudumu lake huhesabu mara ngapi katika kila kilomita, na baada ya kazi hurudia zoezi hilo, kwa sababu joto na upepo wa tairi hubadilisha hesabu. Katika njia yenyewe hufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji angeweza kuupita, akikata kona karibu na ukingo. Mwishoni huongeza mita moja kwa kila kilomita kama akiba ya kuzuia njia kuwa fupi, hivyo kwamba marathoni iliyopimwa vizuri huwa na mita 42 hivi za tahadhari. Cheti kinachotolewa baada ya hapo hudumu miaka mitano.

Hata nchi zenye barabara nzuri na wataalamu wengi zimewahi kukosea. Marathoni ya Manchester nchini Uingereza iligunduliwa kwamba ilikuwa pungufu kwa mita 380 katika miaka ya 2013, 2014 na 2015, na muda wa maelfu ya washiriki ukakosa thamani rasmi. Ya Brighton mwaka 2021 ilizidi kwa mita 568. Katika visa hivyo wakimbiaji walikuwa na mahali pa kulalamika na waandaaji walilazimika kukiri hadharani, na uwezekano huo wa kudai na kujibiwa ni sehemu ya kuaminika kwa mbio kama ulivyo upimaji wenyewe.

Kuna kanuni nyingine inayogusa moja kwa moja milima ya Masisi. Ili muda ukubaliwe kuwa rekodi, mstari wa kumalizia hauruhusiwi kuwa chini ya mstari wa kuanzia kwa zaidi ya mita moja katika kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni nzima, na umbali wa moja kwa moja kati ya mistari hiyo miwili usizidi nusu ya urefu wa mbio, kwa sababu mteremko na upepo wa nyuma humsaidia mkimbiaji. Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia Boston mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, haraka kuliko rekodi ya dunia ya wakati huo, lakini muda wake haukuandikwa kuwa rekodi kwa kuwa njia ya Boston huteremka mita 140 hivi na huelekea upande mmoja.

Barabara inayotoka Sake, mji mdogo ulio karibu na Ziwa Kivu, hupanda kutoka usawa wa ziwa, ambao ni mita 1,460 hivi, hadi vilima vinavyopita mita 2,000, kisha baada ya Masisi ardhi hushuka kuelekea misitu ya Walikale iliyo chini ya mita 1,000. Mwandaaji anayetangaza kwamba katika njia ya namna hiyo washiriki watapata muda wa kufuzu mashindano ya dunia huwa ameahidi jambo ambalo jiografia yenyewe inalikataa, ilhali anayesema wazi kwamba mbio zake ni za milimani, ambamo muda si hoja na ustahimilivu ndio hoja, huwa ameondoa shaka moja kabla haijazaliwa. Zaidi ya hayo, barabara hiyo ni ya udongo, na wakati wa mvua malori hukwama kwa siku kadhaa, hivyo cheti kilichotolewa wakati wa kiangazi kinaweza kuhusu njia ambayo wakati wa masika haipo tena mahali pake.

Barabara ina wenyewe

Swali la pili, ambalo katika miji mingi ya Afrika Mashariki hujibiwa kwa barua moja ya polisi, huko Masisi na Walikale ndilo gumu kuliko yote: ni nani mwenye uwezo wa kufunga barabara hiyo na kuifungua? Kwa sheria ya Kongo jibu lina ngazi kadhaa. Kila wilaya ina msimamizi wake, na chini yake kuna sekta na usultani, yaani maeneo yanayoongozwa na mtawala wa jadi aitwaye mwami. Masisi ina sekta za Osso-Banyungu na Katoyi pamoja na usultani wa Bahunde na wa Bashali, na Walikale ina sekta za Wanianga na Bakano. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko katika hali ya kuzingirwa, utaratibu unaoweka mamlaka ya kiraia mikononi mwa maofisa wa jeshi na polisi, kwa hiyo hata kibali cha mkutano wa michezo hupitia mikono ya watu wenye sare.

Hali halisi imekuwa na tabaka nyingi kuliko sheria. Utafiti wa taasisi ya Ubelgiji iitwayo IPIS, uliotolewa mwaka 2017, ulihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vile ambavyo wenyeji huviita bariere, ambapo askari, watumishi wa serikali au makundi yenye silaha hutoza ushuru kwa kila kinachopita. Biashara ya madini huviongezea uzito: Rubaya, iliyo Masisi, hukadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia, na Bisie, iliyo Walikale, ni moja ya migodi mikubwa ya bati barani Afrika. Karibu na Walikale, mahali paitwapo Kilambo, ndege ndogo ziliwahi kutua juu ya barabara yenyewe ili kupakia madini. Barabara yenye watumiaji wenye maslahi ya namna hiyo haifungwi kwa mbio kwa kuwa mwandaaji mmoja amechapisha ratiba.

Vita vya miaka ya karibuni vimeifanya hoja hii iwe wazi zaidi. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, mji wa Masisi mwanzoni mwa Januari 2025, kisha Sake na Goma mwishoni mwa mwezi huo. Serikali ya jimbo ilihamia Beni. Mji wa Walikale, makao makuu ya wilaya yenye jina hilo, uliingia mikononi mwa waasi Machi 19, 2025, nao wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mkimbiaji anayeanza mazoezi ya wiki kumi na mbili kwa ajili ya marathoni ya mahali kama hapo huwa anajiandaa kwa muda mrefu mara kadhaa kuliko muda ambao mji huo ulikaa mikononi mwa waasi kabla ya kuachwa tena. Katika mazingira hayo tarehe inayotangazwa bila masharti yoyote ni dalili kwamba aliyeitangaza hakuuliza, au aliuliza na hakutaka kusema alichojibiwa.

Kuna tatizo la kisheria linaloambatana na hilo. World Athletics hutambua shirikisho moja tu katika kila nchi, na kwa Kongo ni Shirikisho la Riadha la Kongo, lenye makao yake Kinshasa. Mbio zinazofanyika katika eneo ambalo serikali ya Kinshasa hailitawali zinaweza kuwa na walinzi na maji ya kutosha, zikakimbiwa vizuri, na bado matokeo yake yasiingie katika kumbukumbu yoyote, kwa kuwa waliozisimamia si wale ambao shirikisho linaweza kushirikiana nao. Kwa mshiriki anayekimbia kwa afya jambo hilo halina uzito, lakini kwa kijana anayetafuta nafasi ya kutoka ndilo linaloamua kama safari yake ina maana.

Hata siku ya utulivu, barabara ya Masisi haiko tupu. Ni njia ya chukudu, baiskeli nzito za mbao zinazobeba mkaa na mboga, ni njia ya pikipiki za abiria, ya ng'ombe wanaohamishwa malisho na ya akina mama wanaokwenda sokoni, na kuifunga siku ya soko ni kuwanyima watu chakula chao. Halafu liko suala la tiba. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia tangu 2007, ina majeruhi na wagonjwa wake wa kila siku, hivyo mbio zinazopanga kutegemea magari yake ya wagonjwa huwa zinakopa kile ambacho hakina ziada. Umuhimu wa maandalizi hayo ulidhihirika nchini China Mei 2021, pale wakimbiaji 21 kati ya 172 walipokufa katika mbio za milimani za kilomita 100 mkoani Gansu baada ya mvua ya barafu na upepo kuwakuta bila mavazi ya kutosha na mbali na msaada. Katika vilima vya Masisi pia, mvua ya ghafla kwenye mita 2,000, bila mtandao wa simu na bila njia ya gari, ni hatari ya aina ileile.

Fedha na jina la amani

Baada ya umbali na barabara huja fedha, na hapa shaka za wakimbiaji ni za zamani kuliko marathoni yoyote ya Kivu. Zawadi hutangazwa siku ya kwanza lakini hulipwa mwishoni, na katikati yake kuna mambo mawili ambayo msomaji wa kawaida huenda asiyajue. La kwanza ni kwamba katika mbio nyingi kubwa washindi hawalipwi papo hapo, kwa sababu hupimwa kwanza kama wametumia dawa zilizokatazwa, na majibu ya maabara huchukua wiki kadhaa. La pili ni kwamba kipindi hicho halali cha kusubiri humpa mwandaaji asiye mwaminifu kisingizio kizuri cha kuchelewesha hadi mshindi achoke kudai. Mkimbiaji anayeuliza fedha ziko wapi na nani anazishikilia kabla ya mbio huwa anauliza jambo la kawaida la biashara yake.

Kivu Kaskazini huongeza ugumu wake. Baada ya Goma kutekwa, benki za mji huo zilifungwa na uwanja wa ndege ukaacha kazi, kwa hiyo zawadi iliyotangazwa kwa dola ingehitaji kulipwa taslimu au kwa pesa za simu, na mgeni aliyealikwa kutoka Kenya au Uganda angelazimika kupitia mpakani kwa barabara. Ada ya usajili inayotakiwa kutumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, bila jina la chama kilichosajiliwa na bila risiti, ni dalili ambayo mkimbiaji mwangalifu huipa uzito kuliko orodha nzima ya wadhamini.

Fedha pia huathiri uhalisi wa ushindani wenyewe. Katika nusu marathoni ya Beijing ya Aprili 2024, Wakenya Robert Keter na Willy Mnangat pamoja na Mwethiopia Dejene Hailu walionekana wakipunguza mwendo karibu na mwisho na kumwachia Mchina He Jie ashinde kwa tofauti ya sekunde moja. Mnangat alieleza kwamba alikuwa ameajiriwa kama mwongoza kasi, yaani mkimbiaji anayelipwa ili atangulie na kumsaidia mwingine kushika mwendo fulani, lakini hakuwa ametambulishwa hivyo, na wote wanne wakanyang'anywa matokeo yao. Njia ilikuwa imepimwa, barabara imefungwa na walinzi wametosha, ila mbio zikapoteza heshima kwa sababu mkataba wa watu wachache ulifichwa mbele ya wengine wote.

Upande wa pili wa fedha ni michango. Marathoni nyingi hukusanya fedha kwa ajili ya jambo jema, na katika Kivu jambo hilo karibu kila mara litakuwa amani au waliohamishwa na vita. Mwaka 2024 mamia ya maelfu ya watu, wengi wao kutoka Masisi, waliishi katika kambi zilizozunguka Goma, na kambi hizo zikavunjwa mwanzoni mwa 2025. Watu walioorodheshwa na kupigwa picha kwa ajili ya miradi ambayo hawakuona mwisho wake wamejifunza kuuliza ni kiasi gani kimekusanywa kwa jina lao na kimekwenda wapi, na mbio zinazobeba neno amani kifuani bila kuchapisha hesabu baada ya siku ile zinapaswa kutarajia swali hilo kutoka kwa wanakijiji kabla ya kutoka kwa wakimbiaji.

Vipaji vipo, mashindano hayapo

Haifai kudhani kwamba shaka hizi zingeweza kumalizwa kwa kuiacha Masisi bila mbio. Kongo haijawahi kupata medali ya Olimpiki katika mchezo wowote, na hilo halitokani na udhaifu wa watu wake. Gary Kikaya alishikilia kwa miaka kadhaa rekodi ya Afrika ya mita 400 baada ya kukimbia kwa sekunde 44.10 mwaka 2006, naye alikuwa amepata nafasi ya kukuza kipaji chake nje ya nchi.

Mfano ulio karibu zaidi na Masisi ni wa Makorobondo Salukombo, mwanariadha aliyeondoka Kongo kama mkimbizi, akakulia Marekani, kisha akarudi kuanzisha mafunzo ya riadha kwa vijana wa Kivu yaliyopewa jina la Kirotshe, kijiji cha wilaya ya Masisi kilicho kando ya Ziwa Kivu. Mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro akiiwakilisha Kongo, na katika michezo hiyo hiyo Beatrice Kamuchanga, aliyepitia mafunzo hayo, alikimbia mita 5,000. Alitumia dakika 19 na sekunde 29, na katika fainali ya mbio hizo Vivian Cheruiyot wa Kenya alishinda kwa dakika 14 na sekunde 26. Tofauti ya dakika tano kati ya binti wa Kivu na binti wa Bonde la Ufa haielezeki kwa mwinuko wa milima, kwa kuwa wote wawili wamekulia juu. Huelezwa kwa miaka ya mashindano ya shule na ya wilaya ambayo mmoja aliyapata na mwingine hakuyapata. Mbio za uongo humwumiza zaidi kijana wa aina hiyo, maana akidanganywa mara moja hana mbio nyingine za kwenda wiki inayofuata.

Mahali pagumu palipoaminika

Yako mashindano yaliyoanza katika mazingira ambayo wengi wangeyatilia shaka na bado yakajijengea jina, na yakichunguzwa huonekana kuwa na jambo moja la pamoja: waandaaji walipunguza ahadi yao hadi ikalingana na kipande cha barabara walichoweza kukisimamia. Marathoni ya Lewa nchini Kenya, iliyoanza mwaka 2000, hukimbiwa katika hifadhi yenye faru na simba, juu ya barabara za vumbi, na badala ya kutafuta kilomita 42 zisizojirudia waandaaji walichagua mzunguko wa kilomita 21 unaokimbiwa mara mbili, unaolindwa na askari wa wanyamapori walioko ardhini na helikopta zilizoko angani. Marathoni ya Palestina, iliyoanza Bethlehem mwaka 2013, nayo hurudia njia yake, kwa sababu mji huo hauna kilomita 42 zinazofuatana bila kukutana na ukuta au kizuizi cha jeshi. Waandaaji hawakuificha hali hiyo, bali waliifanya kuwa maelezo ya mbio zenyewe.

Karibu zaidi na Kivu iko Marathoni ya Rwenzori, iliyoanza Kasese nchini Uganda mwaka 2022. Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya Mpondwe katika wilaya hiyo hiyo na kuua watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi, na toleo la pili la mbio likafanyika baadaye mwaka huo. Kilichowezesha hilo ni kwamba Kasese ina serikali moja, polisi mmoja na hospitali zinazojulikana, kwa hiyo mshiriki aliyeogopa alikuwa na mamlaka ya kuiuliza. Hofu yenyewe haikuwa ndogo kuliko ile ya Masisi, ila ilikuwa na anwani.

Kuahirisha au kufuta mapema pia ni sehemu ya kuaminika. Marathoni ya New York ya mwaka 2012 ilifutwa siku mbili kabla ya kukimbiwa, baada ya kimbunga Sandy kuupiga mji huo, na makosa yaliyolaumiwa zaidi yalikuwa kuchelewa kutoa uamuzi wakati maelfu ya wageni walikuwa wamekwisha kuwasili. Goma ina mfano wake wa busara: Tamasha la Amani, lililopangwa kufanyika mara ya kwanza Agosti 2013, liliahirishwa kwa sababu za usalama hadi Februari 2014, kisha likavuta umati mkubwa. Tarehe iliyobadilishwa mapema na kwa sababu iliyotajwa haikuliharibia jina.

Namna mbio mpya zinavyoweza kuanza

Mifano hiyo huelekeza kwenye mpango wa kawaida sana. Katika Masisi na Walikale hatua ya kwanza yenye busara ni mbio za kilomita 10, au hata za kilomita 5, zinazozunguka mara kadhaa katika eneo moja lenye msimamizi mmoja, kwa mfano ndani ya mji mdogo na viunga vyake, ambamo baiskeli ya mpimaji inaweza kupita asubuhi moja na gari moja la wagonjwa, lililoletwa na waandaaji, linaweza kufika popote kwa dakika chache. Mzunguko mfupi una faida nyingine: njia ikilazimika kuachwa, washiriki wote hupatikana haraka, jambo lisilowezekana pale ambapo wametawanyika kati ya Sake na Masisi.

Tangazo la mbio za namna hiyo lingepaswa kuandikwa kwa lugha ya masharti na kujibu kwa maandishi yale ambayo wakimbiaji huuliza kwa mdomo. Linataja chama kinachowajibika na ofisi iliyotoa kibali, na kama ligi ya riadha ya jimbo inahusika au haihusiki. Linaeleza nani amepima njia, lini na kwa njia gani, na kama haijapimwa linasema hivyo bila kuona haya. Linaonyesha siku ya mwisho ya kuamua kama mbio zitafanyika, na namna ambavyo ada itarudishwa zikiahirishwa. Linasema zawadi zimewekwa kwa nani, zitalipwa lini na kwa fedha gani, na waongoza kasi, kama wapo, ni akina nani. Baada ya mbio matokeo kamili, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, hutangazwa pamoja na hesabu ya michango.

Mambo hayo hayahitaji mdhamini mkubwa. Mengi hayagharimu zaidi ya karatasi na ujasiri wa kukiri mipaka. Wakimbiaji nao wana wajibu wao, kwa sababu shaka inayonong'onwa baina ya marafiki haimrekebishi mwandaaji, wakati ile inayopelekwa kwake kwa maandishi, kupitia klabu au kocha, humlazimisha ajibu au anyamaze mbele ya wote, na kunyamaza kwake pia ni taarifa. Mbio ndogo zikifanyika kama zilivyotangazwa kwa miaka miwili au mitatu, nusu marathoni huweza kuombwa kibali, kisha marathoni, na kila hatua hujengwa juu ya kumbukumbu ya ile iliyopita. Hata hapo kazi haimaliziki, kwa sababu cheti cha njia huisha baada ya miaka mitano na barabara hulazimika kupimwa tena, na kwa wilaya ambazo katika kipindi kifupi kuliko hicho zimebadilisha watawala, ruhusa, walinzi na fedha vitahitaji kuthibitishwa upya kila mwaka kabla mtu yeyote hajaombwa kulipa ada.